Ordinatere inasema "iko", magazini inasema "hakuna"

Bandugu batumikaji, na ninyi bamama benye munangojaka bwana arudie ku kazi ya usiku, leo hatutasema juu ya mushahara. Tutasema juu ya mabote.

Huku Bel-Air, mu commune ya Kampemba, bisi za makampani zinapita kubeba bantu mbele jua itoke. Kwa rangi ya kombinezo tu unajua jirani yako anatumika wapi. Njo maana habari ilitembea mbio siku yenye jirani yetu mumoja, magazinie wa kampani fulani (jina tunaiacha), alirudishwa nyumbani na mukanda mu mukono. Mukanda ilisema: simama kazi, tuko tunafanya uchunguzi. Pere 60 ya mabote ya usalama haionekani. Ordinatere inaonyesha pere 84, na ku bibao balihesabu 24.

Kwa hesabu ya bakubwa, ile 60 magazinie alikula. Siye tunakaa naye lupango kwa lupango. Mutoto wake mukubwa anaendaka ku masomo na kandambili.

Mu ile ile mwezi, mutumikaji mumoja wa upande wa aside, kule banaoshea mawe ya shaba, aliunguza bidole bya muguu. Bote yake ilikuwa imepasuka pembeni. Alikuwa ameomba ingine tangu juma sita. Mashini ilimujibu: iko, utapata tarehe fulani. Tarehe ilifika, akaenda ku dirisha ya magazini, bakamuambia hakuna. Akaandika tena. Mashini ikamupa tarehe ingine. Mara tatu vile.

Siye ba delege ya sendika tulienda kuona bakubwa na Code du travail mu mukono, ile ya tarehe 16/10/2002, yenye inatupatia njia ya kuuliza na yenye inataka kampani ikuwe na komite ya usalama na afya ku kazi. Tulisema: mabote ni mambo ya usalama, haiko mambo ya makarani tu. Tuache tukae na fundi wa ordinatere siku mbili, atuonyeshe ile 84 inatoka wapi. Balikataa. Kiisha balikubali, sababu bidole bya ule ndugu bilikuwa bimeandikwa mu kitabu ya hospitali.

Kwanza muelewe ile programu inafanya nini. Mufikiri mama mumoja anauzisha bunga ku soko. Asubui ana mifuko 10. Jirani amekwisha kulipa mifuko 3, hajaibeba. Kesho kamioni itamuletea mifuko 5. Wewe unafika, unataka mifuko 8. Mama hatakudanganya: leo nakupa 7, ule mumoja urudie kesho. Programu ya magazini inafanya ile ile. Inakamata yenye iko ku bibao, inatosha yenye imeahidiwa bantu bengine, inaongeza yenye iko mu njia, inaangalia tarehe, kiisha inakuambia siku ya kupata. Hii si uchawi. Programu za namna hii zinauzishwa dunia yote, SAP ya Ujerumani, Oracle ya Marekani, Sage ya Uingereza, na zingine ndogo.

Lakini mama anaona mifuko yake na macho. Mashini haina macho. Inangoja bantu baiambie: hesabu magazini gani, hesabu bintu gani, kamioni inakawia siku ngapi. Ile maneno inaingizwa siku programu inawekwa, mara mingi na muntu wa mbali, mu haraka, na nyuma hakuna anayefungua tena ile ukurasa. Kule njo tulikuta ugonjwa.

Siku ya kwanza, asubui, fundi alitufungulia kodi ya mabote. Kodi moja tu. Tukamuuliza: namba iko wapi? 42, 43, 44? Hakuna. Kwa ile mashini, bote ni bote. Tulienda ku bibao, tukafungua makarto na mikono yetu: ile pere 24 yenye ilibakia, 15 ilikuwa namba 39 na 9 ilikuwa namba 46. Nani mu shimo anavaa 39? Banaume ba katikati balikuwa bamekwisha kubeba namba zao zote, mashini ikaendelea kusema "iko, iko". Na ni kweli ilikuwako! Ndugu wetu wa aside anavaa 43.

Kiisha, ile 60. Pere 30 ilikuwa Kolwezi, mu magazini ingine ya kampani ile ile. Mu programu balikuwa baliandika Lubumbashi na Kolwezi sawa depo moja. Kutoka huku mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300, lakini mashini ilijua tu kama mabote iko "mu kampani". Pere 30 ya mwisho ilikuwa bado mu kamioni. Ilitoka Durban, ikapita Beitbridge, Zimbabwe, Chirundu, Zambia, ikafika Kasumbalesa na kusimama ku dwani. Wenye munaendaka Kasumbalesa munajua ile mulolongo ya makamioni. Mu programu iliandikwa: siku 14 toka komandi mpaka magazini. Tuliuliza nani alitia ile 14. Hakuna aliyejua. Siku 14 ilipita, kamioni haijafika, na hakuna aliyebadilisha tarehe. Basi mashini iliendelea kuihesabu sawa kintu yenye inaingia leo.

30 ya Kolwezi na 30 ya Kasumbalesa: 60. Magazinie hakugusa hata kamba ya bote.

Bachunguzi balifanya kosa gani? Balisoma ukurasa mubaya. Programu iko na ukurasa ya stoki, yenye inasema nini iko ku bibao, na iko na ukurasa ya kuahidi, yenye inasema nini bantu banaweza kuahidiwa. Ya kwanza ilisema 24 ku Lubumbashi. Bao balichapa ya pili, balisoma 84, bakaita muntu mwizi. Ile karatasi ya kwanza ilichukua dakika mbili kuichapa. Tunayo.

Siku ya pili tulifanya jaribio moja yenye ilituchekesha kidogo. Tulimuomba fundi aandike komandi ya uongo: pere 500, kwa siku 10. Mashini ikajibu hapana. Pere 500 kwa siku 15. Ikajibu: iko. Pere 5,000 kwa siku 15: iko. Hakuna kamioni, hakuna komandi, hakuna hata franka moja ya kuzilipa, lakini iko. Fundi alitafuta, akapata kisanduku kimoja kimewekwa alama. Maana yake: mbele ya siku 14 hesabu stoki na makomandi, nyuma ya siku 14 usihesabu tena, sema ndiyo, sababu mu ile wakati kampani itakuwa imekwisha kununua. Mu inchi yenye duka iko karibu, pengine inafaa. Huku kwetu, kila kintu inapita mupaka moja. Njo maana ndugu wetu alipata tarehe mpya kila mara: ilikuwa siku 15, halafu siku 15, halafu siku 15.

Hapo tuliacha kucheka. Baba zetu balijua posho ya Union Minière, kiisha ya Gécamines tangu 1967. Na mu miaka ya 1990 balijua pia karatasi yenye kusema utapata, na miezi inapita. Bengi benye baliondoka mu "départ volontaire" ya 2003, zaidi ya bantu 10,000, beko bado banahesabu ile ahadi. Sasa mashini inafanya ile ile, na haina aibu mu uso.

Ilikuwako pia ugonjwa wa kinyume, na huu ni mubaya zaidi sababu hakuna anayelia. Maske za vumbi: mashini ilisema sifuri. Tuliona ku kibao makarto 40. Yote ilikuwa imefungwa kwa jina ya batumikaji ba kampani ndogo yenye kontra yake iliisha mwaka uliopita. Boni zao hakuna aliyezifunga. Maske ilikuwa inangoja bantu benye hawatarudia, na benye beko mu vumbi balikuwa banavaa kitambaa.

Fundi, kijana muzuri, alitaka kubadilisha yote usiku ule ule. Tulimuzuia, na yeye mwenyewe alikubali: ukibadilisha bintu tano mara moja, hautajua gani iliponyesha na gani iliharibu. Alianza na kutenganisha depo ya Kolwezi. Akajaribu, tukaona 84 inakuwa 54. Kiisha alitia kodi moja kwa kila namba ya bote. Kiisha siku za kamioni: aliangalia makamioni yenye ilikwisha kufika, tarehe ya kutoka na tarehe ya kuingia, akatia ile yenye ilikawia zaidi, si ile ya wastani. Kile kisanduku cha "sema ndiyo" alikitosha. Boni za bafu na za benye baliondoka alizifunga moja moja, na magazinie mupya pembeni yake.

Na bado, asubui, tarehe za zamani zilikuwa pale pale! Tulifikiri kazi yote ilikuwa bure. Hapana: programu haigusi ahadi yenye ilikwisha kuandikwa mpaka uiombe ihesabu zote upya. Ile hesabu inakimbia usiku, na mu ile kampani ilikuwa imezimwa. Kama kwenu pia mashini inarekebishwa na hakuna kinachobadilika, muulize hii kwanza.

Bamama ba Bel-Air banatuuliza sasa juu ya bunga. Ku karatasi ya mushahara inaandikwa mufuko mumoja wa kilo 25, na ku magazini banapewa "kesho". Hatujui bado kama ni ugonjwa ule ule. Mu ile programu bunga inahesabiwa kwa kilo, na kamioni inapokelewa kwa mifuko. Muntu mumoja akiandika 400 mu sehemu mubaya, mifuko 400 inakuwa kilo 400, maana yake mifuko 16. Ao kinyume. Tutajua tukihesabu.

Magazinie alirudia ku kazi. Bakubwa balimuandikia mukanda ya mistari mitatu, hakuna neno ya pole ndani, na siku 19 yenye alikaa nyumbani haijalipwa. Ile tuko nayo ku meza, hatuiachi. Ndugu wa aside alipata namba 43 kesho yake ya kamioni kutoka ku dwani. Bidole bibili bado bimefungwa, lakini anatembea.

Ya bunga tutahesabu mifuko pamoja na bamama watatu na magazinie, na tarehe itabandikwa ku mulango ya sendika.