Kuchagua Runinga Mpya ya Bei Nafuu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Tarehe 31 Desemba 2012, Tanzania ilianza kuzima mitambo ya kurushia matangazo ya televisheni kwa mfumo wa analojia, ikianzia Dar es Salaam, na kuhamia katika mfumo wa dijitali. Kabla ya hapo mnunuzi wa runinga aliuliza mambo mawili tu: ukubwa na bei. Leo hii boksi la runinga limejaa herufi na tarakimu ambazo wengi hawazielewi, na muuzaji mwenye haraka hana muda wa kuzifafanua. Matokeo yake ni kwamba mlaji hulipia sifa asizozihitaji na kukosa ile moja anayoihitaji.

Kwa familia nyingi, runinga ni ununuzi wa fedha zilizodundulizwa kwa miezi kadhaa. Makala haya yanaeleza maneno yanayotatiza zaidi na yanapendekeza utaratibu wa kufuata, ili fedha hizo zisipotee. Msingi wake ni mmoja: jua mahitaji ya nyumba yako kwanza, kisha ndipo usome boksi.

Anzia nyumbani

Kabla ya kwenda dukani, andika majibu ya maswali manne. Watazamaji wataketi umbali gani kutoka kwenye runinga? Matangazo mtayapata kwa njia gani: antena, dishi, intaneti au fleshi? Umeme wa nyumbani ni wa gridi au wa jua? Na je, fedha mlizonazo ni za runinga peke yake, au ni pamoja na vifaa vyote vinavyohitajika ili iwake na kuonesha picha? Nenda dukani na karatasi hiyo. Itakusaidia kukataa kwa heshima kile usichokihitaji.

Ukubwa na umbali

Ukubwa wa runinga hupimwa kwa inchi, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe iliyo mkabala kwa mshazari. Runinga ya inchi 32 ina mshazari wa sentimita 81, na kioo chake kina upana wa takriban sentimita 71. Ya inchi 43 ina mshazari wa sentimita 109 na upana wa takriban sentimita 95. Kata kamba yenye urefu wa upana huo na uipime ukutani au juu ya meza itakapowekwa. Wapo waliofikisha runinga nyumbani ndipo wakagundua kwamba miguu yake ni mipana kuliko meza.

HD, Full HD na 4K

Picha ya runinga huundwa kwa vitone vidogo vya mwanga. Runinga nyingi za HD za inchi 32 zina vitone 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, ambavyo jumla yake ni takriban milioni 1. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, takriban milioni 2. Ile ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni 8.

Kwa kusikia hesabu hiyo, mtu angedhani kwamba 4K ni bora mara nne kuliko Full HD. Hata hivyo, jicho la binadamu lina ukomo. Kwa mtu mwenye uoni wa kawaida, vitone vya runinga ya HD ya inchi 32 havitofautishwi tena akiketi zaidi ya takriban mita 1.8 kutoka kwenye kioo. Kwa Full HD ya inchi 43, umbali huo ni takriban mita 1.7. Basi, kama viti vya sebuleni viko mita mbili na nusu kutoka ukutani, mtazamaji wa runinga ya inchi 43 hataona tofauti kubwa kati ya Full HD na 4K. Isitoshe, runinga haiwezi kuongeza undani usiokuwemo katika matangazo yenyewe, na matangazo mengi ya kawaida hurushwa kwa kiwango kilicho chini ya 4K.

Jihadhari pia na maandishi yasemayo kwamba runinga "inakubali" 4K. Hiyo yaweza kumaanisha tu kwamba inapokea picha ya 4K na kuipunguza ili itoshe katika kioo chenye vitone vichache. Uliza idadi ya vitone vya kioo chenyewe, na uhakikishe imeandikwa kwenye boksi au katika kitabu cha maelekezo.

LED, QLED na OLED

Runinga iitwayo LED ina kioo kinachoangazwa na taa ndogo zilizopangwa nyuma yake au pembezoni. QLED ni ya jamii hiyohiyo, ila imeongezewa tabaka la kuboresha rangi. OLED ni tofauti: kila kitone hujiwashia mwanga wake chenyewe na huweza kuzimika kabisa, hivyo weusi wake ni weusi hasa. Bei yake nayo huwa ya juu. Kwa mnunuzi wa bei nafuu, LED ya kawaida inatosha. Tarakimu kubwa za utofauti wa mwanga na giza, kama milioni moja kwa moja, zisikuyumbishe, kwa kuwa watengenezaji hawazipimi kwa njia moja na hivyo hazilinganishiki.

Je, itapokea matangazo?

Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, nalo ndilo husahaulika mara nyingi. Neno "dijitali" kwenye boksi halitoshi. Ili runinga ipokee matangazo ya antena bila kuunganishwa na kifaa kingine, hapana budi iwe na king'amuzi ndani yake, na king'amuzi hicho kiwe cha mfumo wa DVB-T2. Tarakimu 2 ina maana kubwa: kifaa cha DVB-T, kisicho na tarakimu hiyo, hakiwezi kufungua mawimbi ya DVB-T2. Kwa wanaotumia dishi, alama ya kutafuta ni DVB-S2.

King'amuzi cha ndani nacho kina mpaka wake. Hufungua chaneli zinazorushwa bila kufungwa. Chaneli zilizofungwa kwa ajili ya malipo huhitaji king'amuzi au kadi ya kampuni husika. Kama tayari unacho king'amuzi cha kampuni na unakusudia kuendelea nacho, king'amuzi cha ndani hakitakuwa cha lazima kwako. Badala yake, hakikisha kwamba matundu ya runinga yanaoana na waya za king'amuzi chako. Vile vya zamani hutumia waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, na baadhi ya runinga mpya zina tundu la HDMI pekee.

Runinga zinazoletwa na ndugu kutoka ng'ambo zahitaji uangalifu zaidi. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia mfumo mwingine wa matangazo, kwa hiyo haitapokea ya hapa kwa antena. Soma pia kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Kibandiko kikiandikwa 100–240V, runinga hiyo inafaa. Kikiandikwa 120V pekee, usiichomeke moja kwa moja, kwani itaungua.

Runinga janja

Runinga janja ni ile inayoweza kuunganishwa na intaneti na kuendesha programu za video. Haichukui nafasi ya king'amuzi: bila intaneti, ujanja wake haufanyi kazi. Gharama ya bando nayo lazima ihesabiwe. Video ya kiwango cha HD hutumia takriban gigabaiti 3 kwa saa, hivyo mechi ya dakika 90 itameza takriban gigabaiti 4.5. Mwenye intaneti ya malipo ya mwezi isiyo na kikomo atanufaika. Anayenunua bando la simu siku kwa siku atajikuta anaitumia kama runinga ya kawaida.

Zingatia vilevile kwamba programu huzeeka mapema kuliko kioo. Runinga janja ya bei ya chini yaweza kuwa na mfumo wa zamani usiopokea tena maboresho, na baada ya muda programu unazozipenda zikakataa kufunguka. Ujanja unaweza kuongezwa baadaye kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI. Kwa sababu hiyo, kama fedha ni chache, afadhali zitumike kwanza katika kioo kizuri na dhamana ya uhakika.

Umeme wa kila mwezi

Kibandiko cha nyuma huonesha wati ambazo runinga hutumia. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Runinga ya wati 50 ikiwashwa kwa saa 5 kila siku hutumia robo uniti kwa siku, yaani uniti 7.5 kwa siku 30. Ya wati 100 hutumia uniti 15. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa na utajua mzigo utakaoubeba kila mwezi. Kwa nyumba ya umeme wa jua, linganisha wati hizo na uwezo wa betri kabla ya kununua. Ziko pia runinga za volti 12 zinazounganishwa na betri bila kibadili umeme.

Bei kamili

Bei iliyobandikwa kwenye runinga ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue mfano wa hesabu. Runinga ya kwanza inauzwa shilingi 300,000, lakini haina king'amuzi. Ukiongeza king'amuzi cha shilingi 70,000 na antena ya shilingi 20,000, umefika 390,000. Ya pili inauzwa shilingi 340,000 na ina king'amuzi cha DVB-T2 ndani. Ukiongeza antena ileile, ni 360,000. Iliyoonekana ghali dukani ndiyo rahisi ikifika nyumbani. Ongeza pia nauli, kishikizo cha ukutani na kifaa cha kuilinda runinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Ukiwa dukani

Usikubali kuoneshwa runinga moja kisha upewe nyingine ndani ya boksi lililofungwa. Omba ile utakayoichukua ifunguliwe na iwashwe mbele yako, kisha:

1. Linganisha namba ya modeli iliyo nyuma ya runinga na iliyo kwenye boksi.
2. Omba mpangilio wa picha wa dukani ubadilishwe kuwa wa nyumbani, kwa kuwa ule wa dukani huongeza mwanga kupita kiasi.
3. Tazama picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, uone kama kuna vitone vilivyokufa, mistari au mabaka.
4. Sogea pembeni, mahali ambapo baadhi ya watu wa nyumbani wataketi, uone kama rangi zinafifia.
5. Omba chaneli zitafutwe kwa antena, na kama ni runinga janja, programu za video zifunguliwe.
6. Jaribu sauti, rimoti na kila tundu.

Dhamana, risiti na haki yako

Dhamana ya mdomo haina nguvu unapotokea mgogoro. Dai kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri wa duka, yenye tarehe ya mauzo na namba ya runinga yako. Uliza ni nani atakayeitengeneza, karakana iko wapi, na kama kupasuka kwa kioo au hitilafu ya umeme vimo ndani ya dhamana. Dai pia risiti ya EFD, na uhakikishe kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Hifadhi boksi hadi muda wa dhamana utakapokwisha, na upige picha ya risiti, maana wino wake hufutika.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Uliyeuziwa HD kwa jina la 4K, au runinga isiyo na king'amuzi kwa maelezo kwamba inacho, unayo haki ya kudai. Anza kwa kurudi dukani mapema ukiwa na risiti, kadi ya dhamana na runinga yenyewe. Usiposikilizwa, wasilisha malalamiko yako kwa maandishi katika Tume ya Ushindani. Kama shaka yako inahusu ubora au usalama wa bidhaa, lipelekee taarifa Shirika la Viwango Tanzania.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya wala na dakika ishirini za majaribio. Akikataa kuiwasha runinga kabla hujalipa, ondoka na fedha zako ujaribu duka jingine.