Miaka 12 Haiipi Timu Uwanja

Kila msimu wa ligi unapokaribia, kutoka Kinondo hadi Msambweni katika Kaunti ya Kwale, huulizwa swali lilelile: timu iliyochezea uwanja kwa zaidi ya miaka 12 itaupataje uwe wake, ili vikundi vingine visiuingie? Swali hilo limepotoka hata kabla ya kujibiwa, kwa sababu linauchukulia uwanja wa umma kuwa kichaka kisicho na mwenyewe, ilhali Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaikabidhi ardhi ya namna hiyo kwa serikali ya kaunti kama amana ya wakazi wake, na Jedwali la Nne linaziweka huduma za michezo na sehemu za burudani miongoni mwa kazi za kaunti hiyohiyo.

Hesabu ya miaka 12 haikuzuliwa. Inatoka katika Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, ambayo kifungu chake cha 7 humzuia mwenye ardhi kuidai baada ya muda huo, na hivyo kumwezesha aliyeikalia kuomba mahakama imtambue kuwa mmiliki; na Pwani, penye mashamba mengi ya matajiri wasioonekana, kanuni hiyo inajulikana kuliko sala ya safari, hasa tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua huko Malindi mwaka 2015 kwamba haipingani na Katiba. Lakini wanaouza ushauri wa kutumia kanuni hiyo, wakiwemo wanaotoza ada ya kuandika barua, hufunga kitabu kabla ya kufika kifungu cha 41, ambacho kinaiondoa ardhi ya serikali katika kanuni nzima. Kwa uwanja wa umma, miaka 12, 30 au 100 ni mamoja.

Hata kama uwanja ungekuwa wa mtu binafsi, dai lingeanguka, kwa kuwa ukaaji unaohesabiwa ni ule wa peke yake, wa mfululizo na usio na ruhusa ya mwenyewe. Timu inayofika jioni, kwenye uwanja ambao asubuhi hulishiwa mbuzi, siku ya Idd huswaliwa na msimu wa siasa hufanyiwa mikutano, haijaukalia peke yake hata wiki moja. Na ikiwa iliomba ruhusa, basi barua ileile inayotunzwa kwenye faili kama ushahidi ndiyo inayolizika dai. Kupanda mivinje mpakani na kuandika jina la timu kwenye mwamba wa goli hakuongezi kitu, wala cheti cha Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, ambacho huitambua klabu bila kuigawia ardhi.

Tuseme hati ingepatikana. Kinachoweza kuwa na hati kinaweza kuuzwa, na karibu na ufuo wa Diani wanunuzi hawakosekani, wakati viongozi wa timu hubadilika kila uchaguzi. Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini ilivyoporwa kwa hati zilizotolewa kinyume cha sheria, na wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi Januari 2015 wakiutetea uwanja wao. Timu inayotafuta hati inaifungua njia hiyohiyo, kwa nia njema.

Linalowezekana ni dogo na la haraka. Hadhi ya kiwanja ithibitishwe kwanza katika ofisi ya ardhi ya Kwale. Kikiwa cha shule, mazungumzo ni na bodi ya shule, na kikiwa cha kaunti, ni na afisa wa michezo. Kinachoombwa ni zamu, yaani haki ya kutumia saa fulani, wala si umiliki. Kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12:30 jua linapochwea hupatikana zamu mbili za dakika 75, yaani 10 kwa siku tano za kazi, na watoto wakigawiwa nusu uwanja, vikundi viwili huingia zamu moja. Timu za wasichana zipewe zamu ya kwanza, maana kuziacha hadi giza ni kuzifukuza kwa adabu. Anayekosa mara mbili bila taarifa apoteze zamu yake, uwanja upumzishwe wakati wa masika, na ratiba yenye muhuri ibandikwe ofisini kwa chifu, ikipitiwa upya kila baada ya miezi sita.