Dushi ya etaji inavuja: usivunje karo mbele ya kujua



Umenunua nyumba ya zamani ya etaji, pengine kule Likasi ao Lubumbashi. Wakati nyumba ilikuwa ya kampuni, ulikuwa unaandikisha tatizo lako, kisha fundi anakuja. Leo nyumba ni yako, na fundi anatoka mfukoni mwako. Halafu unaona doa la manjano kwenye plafoni ya salo, linakua kila wiki. Juu yake kuko dushi.

Hapo maneno yanaanza. Baba anasema: «Ni batoto, banamwangaka mayi mingi!» Mama anasema: «Tuite fundi avunje karo yote.» Jirani anasema: «Mupake rangi tu, itaisha.» Wote watatu wanataka kuponya ugonjwa wasioujua.

Kwanza, usalama. Maji na umeme havipatani. Kama doa liko karibu na taa, kata umeme wa chumba kile. Kama plafoni imevimba, toa watoto chini yake: ndoo moja ya litre 20 ina uzito wa kilo 20, na plafoni iliyolowana haiwezi kubeba mzigo ule.

Sasa tafuta. Maji yanatembea ndani ya betoni, yanatoka mbali na pale yalipoingia. Kwa hiyo usiulize tu «inavuja wapi?», uliza «inavuja wakati gani?» Fanya majaribio haya, kila moja siku yake, plafoni ikiwa imekauka. Vijana wanaweza kusaidia: mmoja juu, mmoja chini.

1. Msioge kule juu siku mbili, lakini maji yawe katika tiyo. Kama plafoni inaendelea kulowana, tiyo inayoleta maji njo imetoboka. Funga robine zote, angalia kontere: ikizunguka, kuko maji yanapotea. Fanya hivi wakati maji yapo. Yakikatika, jaribio halina maana. Na kama doa linakuja siku za mvua tu, panda uangalie mabati.

2. Mimina ndoo ya maji polepole ndani ya tundu la kutolea maji, bila kulowesha karo. Ngoja saa moja. Ikidondoka, ubaya ni kwa sifo ao tiyo ya maji machafu.

3. Ziba tundu kwa kitambaa na nailoni, mwaga maji kidogo chini, usipite ukingo wa dushi. Ikidondoka, ni sakafu ao joe zake.

4. Mwishowe, fungua dushi na uelekeze maji ndani ya ndoo, ukuta usiloe. Ikidondoka, ni tiyo inayopanda ndani ya ukuta. Kama hapana, lowesha ukuta, uangalie joe za karo.

Joe pekee haziitaji kuvunja nyumba. Toa zile za zamani, kausha vizuri, tia mpya. Pale ukuta unapokutana na sakafu, tia silikoni; simenti inapasuka pale kwa sababu pembe inajongea kidogo.

Lakini kama sakafu yenyewe inapitisha maji, ujue kwamba karo hazizuii maji peke yake. Chini yao lazima kuwe tabaka la kuzuia maji, lenye kupanda kidogo ukutani. Mbele fundi hajabandika karo mpya, mwambie azibe tundu na kuacha maji juu ya tabaka lile saa 24. Chini ikibaki kavu, mlipe. Ikilowana, arudie.

Na rangi je? Rangi inafunika doa, haifungi maji. Vyuma ndani ya betoni vinapata kutu, kutu inavimba, betoni inapasuka. Kazi ya joe leo inaweza kuwa kazi ya dali nzima kesho.

Basi, mbele ya kuita fundi, andika kwenye karatasi siku ya kila jaribio na kile ulichoona. Fundi mwema atafurahi kuisoma. Na yule anayetaka kuvunja yote atakosa la kusema.