Nati za Gurudumu: Je, Zimekazwa Sawasawa?

Vikundi vingi vina pikapu yao au hukodi moja ya kupeleka mbuzi sokoni Garissa na kurudi na unga. Katika mikutano tunaulizana juu ya mafuta, juu ya bima, juu ya nani ameshika funguo. Nati za gurudumu hakuna anayeziuliza. Sisi pia tulikuwa hivyo hivyo, mpaka siku moja tukiwa njiani na akina mama wa kikundi kimoja tukasikia gurudumu la nyuma linagonga, ko, ko, ko. Tulisimama. Katika nati 6 zilibaki 2, bolti moja ilikuwa imekatika, na matundu ya rimu yamepanuka kama yai. Asubuhi ile dereva alikuwa amebadilisha tairi lenye pancha, na ni sisi tuliokuwa tukimpigia kelele afanye haraka. Mungu alituhurumia, maana tulikuwa tunakwenda polepole.

Kwanza tuelewe kazi ya nati. Wengi hudhani gurudumu linaning'inia kwenye bolti kama ndoo kwenye msumari. Sivyo. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, nayo huibana rimu kwenye habu. Mbano huo ndio unaolishika gurudumu. Ni kama kamba ya mzigo wa ngamia. Ikivutwa sawasawa, mzigo hautikisiki. Ikilegea, mzigo unaanza kucheza, na kule kucheza kunailegeza zaidi. Ikivutwa kupita kiasi, inakatika. Basi nati inaweza kuharibika kwa kulegea na kwa kukazwa mno.

Sasa kununua. Nati moja ikipotea, usichukue yoyote inayofanana. Hilux na Toyota nyingi ndogo zina bolti za milimita 12 zenye meno yaliyoachana milimita 1.5. Nissan nyingi nazo ni milimita 12, lakini meno yameachana milimita 1.25. Kwa macho ni mapacha. Nati ya Nissan kwenye bolti ya Toyota itaingia mizunguko miwili mitatu, halafu ikwame, na taniboi mwenye nguvu ataisukuma kwa spana mpaka meno yaliwe. Kwa hivyo fungua nati moja ya gari lenyewe uende nayo dukani. Ile mpya, ukiizungusha kwenye bolti, iingie kwa vidole mpaka mwisho. Ikikataa, irudishe.

Tena, tazama umbo lake. Rimu za chuma huwa na matundu yenye mteremko kama faneli, na nati yake ina upande uliochongoka. Upande huo ndio uelekee rimu, kwa kuwa ndio unaoliweka gurudumu katikati. Tumeona watu wazima wakigeuza upande bapa ndani! Rimu za aloi za Toyota nyingi hutumia nati tofauti, bapa yenye washa. Ukibadilisha rimu, uliza na nati zake.

Wakati wa kufunga, pangusa mchanga, kutu na rangi iliyobanduka pale rimu inapokutana na habu. Uchafu huo ukisagika baadaye barabarani, mbano unapungua. Usipake grisi wala oili kwenye meno, kwani nati itateleza na utakaza kupita kiasi bila kujua. Anza zote kwa vidole. Kisha kaza kidogo kidogo kwa kuvuka: ya juu, halafu ya chini inayokabiliana nayo, na kadhalika. Usizifuate kwa mduara, rimu itakaa upande. Gari likiwa juu ya jeki kaza kiasi tu. Lishushe, tairi likanyage chini, ndipo umalize kwa mzunguko ule ule wa kuvuka.

Nguvu kiasi gani? Spana yenye kipimo ni bora, lakini wacha tuseme ukweli, vijijini haipo. Chukua bomba lenye urefu wa nusu mita kutoka katikati ya nati, likiwa limelala sawa na ardhi. Uzito wa jerikani ya maji ya lita 20 ukining'inia mwishoni unakaribia kipimo cha Hilux nyingi. Land Cruiser zenye bolti nene na malori hutaka zaidi. Tarakimu yake imo katika kitabu cha gari. Sasa fikiria kijana wa kilo 70 anayesimama kwa miguu miwili juu ya spana ya sentimita 30. Huyo anakaza karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Akiongeza bomba la mita moja, ni karibu mara saba, na bolti ambayo haikukatika leo imeshajeruhiwa.

Baada ya gurudumu kufunguliwa, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu ikiwa imeshakaa. Anayetoka Garissa asubuhi na tairi lililobadilishwa, afikapo Dadaab, ambako ni kilomita 100 hivi, ashuke na spana kabla ya kunywa chai. Kwenye barabara mbovu asingoje mpaka huko. Akiona nati inalegea tena na tena, au kutu nyekundu inachuruzika kutoka kwenye tundu, asiikaze tu na kuendelea; rimu ifunguliwe, matundu na bolti zitazamwe.

Kikundi kile sasa huandika katika daftari la gari tarehe ya kila gurudumu lililofunguliwa, na jina la aliyezikagua nati mara ya pili.