Meno ya Kutobolea Mwamba, na Namna Yanavyolika

Wenyeji wa nchi za Dodoma, Singida na Usukuma waijua sana taabu ya kuchimba kisima kwao. Udongo ni haba, na chini yake umelala mwamba wa granaiti; jembe na sururu havifai kitu hapo. Siku hizi huletwa mtambo wenye nyundo iendeshwayo kwa nguvu ya upepo, nayo hupiga mwamba zaidi ya mara 1,000 kwa dakika huku ikizunguka. Watu huja kuutazama mlingoti wake na vumbi lake. Lakini kinachostahili kutazamwa zaidi ni kile kichwa kilicho mwisho wa fimbo, kwa kuwa maji ya kijiji yategemea meno yake.

Meno hayo si chuma. Ni vidonge vya rangi ya kijivu vilivyopachikwa katika kichwa cha chuma cha pua, navyo hufanywa kwa unga wa vitu viwili. Cha kwanza ni wolframu iliyoungana na kaboni: chembe ngumu mno, na ndogo hata mia kadhaa zikipangwa mstari mmoja hutimiza milimita moja tu. Cha pili ni kobalti, ambayo ni laini kuliko hizo. Unga hushindiliwa katika kalibu, kisha hutiwa tanuri yenye joto la digrii 1,400 au zaidi. Hapo kobalti huyeyuka na kuzishika chembe, kama udongo ushikavyo mawe ya ukuta. Ufundi huu ulivumbuliwa Ujerumani na Karl Schröter, mwaka wa 1923, wala haukukusudiwa kwa miamba, bali kwa matundu ya kuvutia nyuzi nyembamba za taa za umeme. Wolframu huchimbwa hata Rwanda, na hakuna nchi itoayo kobalti nyingi kama Kongo.

Basi, kitu kigumu namna hii huliwaje na jiwe? Mtu angedhani kwamba husagika polepole kama kisu juu ya kinoo. Sivyo. Ndani ya granaiti mna kwatsi, zile chembe zing'aazo mchangani. Kwatsi haiwezi kuzishinda chembe za wolframu, lakini yaiweza kobalti. Unga wa jiwe huingia katikati ya chembe na kuichokonoa kobalti; chembe iliyopoteza udongo wake hutikisika, hupasuka kwa mapigo, na mwisho hung'oka nzima. Tena, pale jino ligusapo mwamba hutokea joto kali. Kobalti hulainika, na uso wa jino hubonyea na kugeuka umbo. Wataalamu waliokata meno makuukuu na kuyatazama kwa darubini kali wamekuta vumbi la jiwe limejaa mahali palipokuwa na kobalti.

Ajabu nyingine ni kwamba jiwe lisilokwaruza sana laweza kudhuru kuliko granaiti. Katika mawe kama yale yenye chuma, jino halilika upesi; kwa hiyo nyufa zifanywazo na joto na baridi vikifuatana hupata nafasi ya kukua, mpaka uso wote ukafanana na ngozi ya nyoka. Fundi huliona jino zima, akafurahi. Kesho yake lavunjika vipande.

Jino lililolika huwa bapa juu. Bapa likifikia theluthi moja ya upana wa jino, hapana budi kulinoa kwa jiwe lenye almasi, lirudie umbo lake la mviringo. Mwenye mtambo akichelewa kwa kuona uchoyo wa muda, jino haliuvunji mwamba tena bali lausugua tu, joto lazidi, na meno huanza kukatika. Kipande cha jino kikibaki shimoni ni balaa, maana ni kigumu kuliko mwamba wenyewe, nacho huyaharibu meno mengine.

Meno ya pembeni ndiyo huliwa mbele ya yote, na yakipungua, shimo nalo hupungua upana kila liendapo chini. Hapo kichwa kipya hakishuki, na pengine bomba la kisima hukwama kabla ya kufika penye maji, fedha za wanakijiji zikiwa zimekwisha kulipwa. Kwa ajili hiyo mafundi wazuri hupima upana wa vichwa vyao kabla ya kazi, wakaanzia juu kwa kichwa kilicho kipana kuliko vyote, na vile vilivyopungua huviweka kwa ajili ya chini.