Kibobakasi: Mti wa Ukanda wa Ziwa Unaodhaniwa Mgeni

Miongoni mwa miti ya kivuli na mapambo inayopandwa katika miji ya Kanda ya Ziwa, ni michache inayovuta macho kama kibobakasi. Maua yake makubwa ya rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu hukaa juu kabisa ya matawi, na kwa mbali mti huonekana kama unaowaka. Kwa Kiingereza huitwa mti wa tulipu wa Afrika, kwa sababu ua lake lina umbo la kikombe kama la tulipu. Jina hilo, pengine kuliko kitu kingine chochote, ndilo linalowafanya wengi waamini kwamba uliletwa na wageni.

Ukweli ni kinyume. Kibobakasi ni mti wa asili wa misitu ya Afrika ya kitropiki, kuanzia Ghana na nchi jirani hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Baganda, walio upande wa pili wa ziwa, huuita kifabakazi. Mgeni hasa ni jakaranda, ndugu yake wa ukoo mmoja, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini.

Mti wa tulipu wa Marekani na China ni mwingine kabisa, na wala hauna undugu wa karibu na huu. Visukuku vyake vinaonesha kuwa uliishi tangu zama za dinosaria, ukaenea hadi Ulaya, kisha ukatoweka huko katika Enzi ya Barafu. Leo umebaki na spishi mbili tu. Miti hii miwili imefanana kwa umbo la ua, basi.

Kwa wakazi wa Kata ya Buzuruga, hoja kubwa zaidi ni mahali pa kuupanda. Kibobakasi hukua haraka na huweza kupita mita 20, lakini mbao zake ni laini na matawi yake huvunjika upepo unapovuma kwa nguvu. Mizizi yake nayo husambaa. Katika viwanja vyembamba vilivyobanwa na mawe, ambako nyumba, mtaro na nguzo ya umeme hukaa hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine, mti huo utakuwa mzigo ndani ya miaka michache. Unafaa kwenye viwanja vya shule, maeneo ya wazi na pembezoni mwa mashamba, angalau mita 10 kutoka kwenye ukuta wowote. Mwenye kiwanja kidogo achague mti wa matunda.

Mbegu ni nyepesi, zina mabawa membamba kama karatasi, na hutoka kwa mamia katika ganda moja lenye umbo la mtumbwi. Zipandwe mapema baada ya kukusanywa, kwa kuwa hazidumu sana, na zifunikwe kwa udongo mchache tu. Miche ihamishiwe shambani mvua zinapoanza kukolea, imwagiliwe katika kiangazi cha kwanza na ikingwe dhidi ya mbuzi.

Wingi huo wa mbegu una upande wa pili. Katika visiwa vya Hawaii na Fiji, mti huu umeenea mno hata ukaingizwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Huko Brazil, nyuki wadogo wasiouma wamekutwa wamekufa ndani ya maua yake. Wafugaji wa nyuki wanashauriwa kutoupanda karibu na mizinga. Hapa kwetu, ndege aina ya chozi hunywa nekta yake bila shida.

Mche ulioota wenyewe kando ya msingi wa nyumba ung'olewe ungali mdogo, pamoja na mzizi, kwani shina likikatwa tu huchipua tena. Mti uliokwisha kugusa nyaya za umeme usikatwe na mwenye nyumba. Taarifa ipelekwe TANESCO au kwa Mtendaji wa Mtaa.