Viti vitatu vilivyoamua serikali ya Zanzibar

Kata yetu ya Makurunge, Bagamoyo, imekuwa na uhusiano wa karibu na Serikali ya Zanzibar kuliko kata nyingi za Bara, kwa kuwa Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, ilikuwa mali ya serikali hiyo. Siasa za Visiwani hazijawahi kuwa habari za mbali hapa. Ndiyo maana nachukua mfano wa ng'ambo ya bahari kujibu swali linaloibuka kila msimu wa kampeni: chama kidogo kina faida gani, na je, anayekipigia kura ameitupa kura yake?

Jibu halitegemei ukubwa wa chama chenyewe. Linategemea vile vikubwa viwili vimeachana kwa kiasi gani. Katika Tanganyika ya mwaka 1960, chama cha TANU kilichukua viti 70 kati ya 71, na mbele ya wingi wa namna hiyo chama kidogo hakina la kufanya. Zanzibar, miezi michache baadaye, hali ilikuwa nyingine kabisa.

Mwishoni mwa 1959 baadhi ya viongozi Washirazi walijitenga na chama cha Afro-Shirazi wakaunda ZPPP, chama cha watu wa Unguja na Pemba, chini ya Mohammed Shamte, aliyewahi kuwa mwalimu. Kilikuwa chama cha kihafidhina. Kilitaka Sultani abaki mkuu wa nchi na mambo yabadilike polepole. Wafuasi wake wengi walikuwa Pemba, kwenye wakulima wenye mashamba yao ya karafuu, watu waliokuwa na cha kupoteza na walioona kwamba ndani ya Afro-Shirazi sauti ya wenye asili ya Bara ilikuwa ikiizidi yao. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kwao, na asiyeielewa hawezi kuelewa yaliyofuata.

Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. Afro-Shirazi ilipata 10, kimoja kati ya hivyo, cha Chake Chake, kwa tofauti ya kura moja tu. Mshindani wake mkubwa, chama cha Hizbu, yaani ZNP, kilipata 9. ZPPP ilipata 3. Basi watu watatu ndio walioshika ufunguo wa serikali, na wao wenyewe hawakukubaliana: wawili wakaenda Hizbu, mmoja akarudi Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11. Likaongezwa jimbo moja, na Juni watu wakapiga kura upya. Safari hii Afro-Shirazi na Hizbu zilipata viti 10 kila moja, na ZPPP 3 tena. Watatu hao wakasimama na Hizbu, ikaundwa serikali ya viti 13. Ghasia zilizoambatana na uchaguzi huo ziliua watu 68.

Bei ya muungano huo ndiyo inayoonyesha nguvu ya chama kidogo. Hizbu ilikuwa na viti zaidi ya mara tatu ya vya mshirika wake, lakini aliyepata uwaziri kiongozi alikuwa Shamte. Hizbu ilikubali, kwa sababu bila yeye isingekuwa na serikali yoyote.

Julai 1963 viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Kura zake zilirundikana katika majimbo ya Unguja iliyoshinda kwa wingi mkubwa, wakati washirika wale wawili walishinda majimbo mengi ya Pemba kwa tofauti ndogo. Hizbu ilipata 12, ZPPP 6, na Shamte akawa waziri mkuu wa nchi iliyopata uhuru tarehe 10 Desemba. Serikali yake ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964.

Sikubaliani na wanaomlaumu Shamte kwa kuchagua upande. Aliwatetea waliompigia kura, na hiyo ndiyo kazi ya mbunge. Kosa ninaloliona mimi lilikuwa katika utaratibu: mipaka ya majimbo iliwaweka walio wengi nje ya serikali, na hakukuwa na sheria ya kuwaingiza ndani hata kwa sehemu. Katika hali hiyo, kila siku ya utawala wa muungano ilizidisha uchungu wa upande wa pili.

Marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yaligusa hasa jambo hilo. Makamu wa kwanza wa rais hutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, mradi kimefikisha asilimia 10 ya kura za urais. Kiongozi wa upinzani Maalim Seif aliingia kwa mlango huo mara mbili. Lakini katika uchaguzi wa marudio wa 2016, ambao chama chake cha wakati huo, CUF, kiliususia, hakuna aliyefikia kiwango hicho zaidi ya mshindi. Hamad Rashid wa chama kidogo cha ADC akateuliwa waziri, kwa hiari ya rais. Shamte alikuwa na viti vitatu vya kuiangusha serikali. Waziri huyo wa 2016 hakuwa na kura ya kumzuia aliyemteua asimwondoe.